Besi ya Kupiga Mbata

Wanawake wa mtaa wa Mabanga hununua mandazi ya Kahindo bila kubishana bei, na si kwa sababu hayabishaniki. Ni kwa sababu wanamjua. Jirani mmoja aliwahi kuazima beseni lake, akalirudisha limepasuka, akasema lilikuwa limepasuka tangu zamani. Kahindo alilipokea, akaendelea kumsalimu kwa adabu kila asubuhi na kumuuzia mandazi kama kawaida, hadi ilipofika siku ya ubatizo wa mjukuu wa yule mama. Mama wa watu akaja kubisha hodi, anaomba beseni kubwa. Akapewa lilelile lililopasuka, limefungwa kwa kitambaa safi kama zawadi. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na nadhani waliosema hivyo walikuwa na mtu wa ukoo wa Kahindo nyumbani kwao.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo apigwe kofi.

Kahindo alikuja Goma akiwa msichana, kutoka Butembo, kuishi kwa kaka yake Kasereka, mfanyabiashara wa viazi. Kwenye kwaya ya parokia alipewa gitaa la besi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wavulana wote walitaka gitaa lile jembamba linalolia juu. Besi haisikiki mpaka ikosekane. Lakini Kahindo alikuwa na kidole gumba cha mtu anayekanda unga kila siku ya Mungu, na besi inapenda kidole cha hivyo. Haikupita muda mrefu, Donat akamchukua kwenye orkestra yake ya kupiga harusini.

Donat alijulikana kwenye kumbi zote za mtaa wa Mapendo. Alikuwa na kofia nyeupe, sauti nzito, na tabia ya kusema "mimi" pale ambapo wengine husema "sisi". Yeye mwenyewe aliwahi kupiga besi, na alitaka besi itembee polepole nyuma ya gitaa lake kama mke wa enzi za zamani nyuma ya mumewe njiani kwenda misa. Kwa muda Kahindo alitembea hivyo.

Ila kuna namna nyingine ya kupiga besi. Wanamuziki wenyewe huiita slapu, na watu wa mtaani wameipa jina la haki: kupiga mbata. Mbata ni kofi. Kidole gumba kinauchapa uzi mnene hadi unagonga vyuma vya shingo, kisha kidole cha shahada kinaingia chini ya uzi mwembamba, kinauvuta na kuuachia ghafla, nao unapiga kelele. Ukifanya vizuri, besi inaacha kutembea nyuma ya watu. Inageuka ngoma inayojua kuimba.

Siku moja kwenye harusi, katikati ya sebene, ile sehemu ya wimbo magitaa yanapochangamka na watu kucheza, Kahindo alipiga hivyo. Hakupanga. Gumba lilienda lenyewe. Watu wakanyanyuka mezani, wakaja mbele na noti zao, wakampita Donat na kofia yake nyeupe, wakambandika Kahindo kwenye paji la uso huku wakicheza. Donat aliendelea kutabasamu mpaka wimbo ukaisha. Wakati wa mapumziko alimfuata nyuma ya ukumbi, mahali wapishi walipokuwa wakisonga bugali, akamchapa kofi lililomwangusha kwenye gunia la makaa.

"Mbata ni hii," alisema. "Ile yako ni kugonga sufuria."

Akachukua besi, ambayo ilikuwa mali ya orkestra, akarudi ndani.

Kofi lenyewe lingeweza kupona. Shavu ni nyama tu. Kilichokataa kupona ni yaliyofuata. Kasereka alifunga safari na baba yao mdogo kwenda kwa Donat, kuomba maneno ya heshima, kwamba mwenye kosa aje aseme nimekosa, yaishe. Donat akawapokea vizuri, akawapa na soda. Akasema Kahindo alifukuzwa kwa sababu ya pombe, na kwamba alianguka mwenyewe. Dada mkubwa wa Donat, mama Dancille, mwanamke wa sala ambaye neno lake pale Mapendo lilikuwa sawa na muhuri, akashika rozari yake na kusema mbele ya wote, "Ndugu yangu hajanyanyuliaka mwanamuke mukono. Hata siku moya." Wapishi walipoulizwa, wakasema kulikuwa na moshi mwingi. Donat ndiye aliyewatafutia kazi za kupika harusini. Moshi wa namna hiyo hauishi mapema.

Kasereka alirudi nyumbani, akaketi, akavua viatu, akamgeukia dada yake.

"Mudogo wangu," alisema, "uniambie tu kweli. Haukukunywa?"

Kahindo aliinuka akaenda kuchochea moto. Swali lile ndilo lililokuwa mbata ya pili, na ilitoka kwa mkono alioupenda. Pale mbele ya moto alijiapiza: kama hakuna mtu aliyeona mbata yake, basi watu wote wataona ya Donat. Atapigwa mbele ya watu kama alivyompiga, kwa gumba lilelile alilolidharau. Tangu siku hiyo alikula, alilala na alikanda unga kwa ajili ya jambo hilo moja.

Alihitaji besi ya kwake. Vita vilipoingia mjini na uwanja wa ndege kufungwa, wanamuziki wengi waliondoka, na mmoja aliyekuwa anaelekea Kampala alikuwa na besi nyeusi inayong'aa, ya nyuzi tano. Kahindo aliibadilisha kwa cherehani ya marehemu mama yake. Alilia kidogo cherehani ilipotoka mlangoni, kisha akafuta macho, akaivaa besi begani na kuichapa. Ikasema "du". Akaichapa tena kwa hasira. "Du." Alivuta uzi mwembamba, kidole kikakwama katikati ya nyuzi nyingine na kutoka na ngozi imechubuka.

Akaipeleka kwa Buhendwa, fundi wa redio na magitaa, mtu wa Bukavu aliyekuwa na karakana ya mabati karibu na njia ya Birere. Buhendwa alikuwa na uso wa mtu aliyeonja ndimu asubuhi na kusahau kuitema.

"Ulinunua juu ya kung'ara," alisema.

"Nilinunua juu ya kupiga mbata, Papa Buhendwa."

"Basi hii haina pa kupigwa." Aliilaza mezani. "Angalia. Nyuzi tano zimelala kwa shingo ya nyuzi ine, kama batoto sita kwa kitanda kimoya. Kidole chako kitapita wapi? Kwa kupiga na vidole vya kawaida iko sawa, batu bengi banapenda nyuzi za karibu-karibu. Lakini mbata inataka nafasi. Kidole kiingie, kivute, kitoke, bila kusalimia jirani."

Wakauondoa uzi wa tano, ule mnene kuliko wote. Kahindo mwenyewe alikwenda kwa mchinjaji kuomba mfupa wa paja la ng'ombe, Buhendwa akaukata na kuuchonga, akatengeneza kikalio kipya cha nyuzi pale juu ya shingo chenye mifereji minne iliyoachana vizuri. Huku chini nako akazitawanya. Kidole cha Kahindo kikapita.

Bado ikasema "du".

"Nyuzi ziko juu sana," alisema fundi. "Uzi ukichapwa lazima ugonge vyuma vya shingo. Ule mgongano ndio sauti yenyewe. Hapa gumba linapiga hewa."

Akazishusha. Besi ikaanza kulalamika kabla haijaguswa, inakwaruza kila mahali kama mzee mwenye kikohozi. Ikabidi shingo inyooshwe, na vyuma vyake vipigwe msasa mpaka vyote vikawa na kimo kimoja, maana chuma kimoja kikiinuka kuliko wenzake, uzi ulioshushwa hukikwaa. Walipandisha kidogo, wakashusha kidogo. Kati ya juu sana na chini sana kuna mahali pembamba kama makali ya kisu, na hapo ndipo mbata inapokaa.

Kulikuwa na jambo lingine. Ile mikro ya mbele, yaani kile kisanduku chenye sumaku kinachonasa sauti chini ya nyuzi, ilikuwa imebanana na mwisho wa shingo. Sasa gumba hupenda kuchapa hapohapo, mwisho wa shingo, na kidole cha kuvuta kinahitaji nafasi chini ya uzi. Nafasi ikiwa ndogo, kidole kinagonga kisanduku. Ikiwa kubwa mno, kinazama na kuchelewa kutoka. Buhendwa alichimba shimo jingine nyuma kidogo, akakihamishia huko, akaziba shimo la kwanza kwa kipande cha mbao na rangi isiyofanana. Besi haikung'aa tena kama zamani. Kahindo hakujali.

Mwisho zikaja nyuzi. Zile za zamani zilikuwa zimejaa jasho na mafuta ya mikono ya watu, zimekufa. Kwa mbata unataka nyuzi mpya za chuma zenye misokoto, nyembamba kiasi, zinazolia kama sarafu ikianguka kwenye sakafu. Mama mmoja anayevuka mpaka kila siku kwenda Gisenyi alimwagizia Kigali, akazileta ndani ya kifurushi cha vitunguu.

Buhendwa akaziweka, akafungua mikro zote mbili hadi mwisho, akapandisha sauti ya chini na sauti ya juu kwenye ampli, ile mashine ya kukuza sauti, akaipunguza ya katikati.

"Piga."

Kahindo akachapa. Besi ikasema "TA!" na mbwa aliyelala nje ya karakana akaamka na kuondoka kabisa.

"Lakini nikuambie," alisema Buhendwa, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anahurumia mtu. "Besi ya hivi haifiche kitu. Zile zingine zinakufunika ukikosea. Hii itakusema mbele ya batu."

"Ndiyo ninayotaka. Imuseme mutu."

"Mutu gani?"

"Utasikia."

Akaanza kujifua. Kila asubuhi, unga ukiwa unaumuka, alikaa kwenye kigoda na kuchapa. Kila mbata aliipa jina moja. Donat. Donat. Donat. Gumba likavimba, likapasuka, likaota ngozi ngumu. Majirani wakalalamika, kisha wakazoea. Akatunga kipande kifupi cha mbata nane, besi peke yake, ngoma zimenyamaza, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Alikipiga akiona lile shavu nene na jinsi litakavyotikisika. Wenzake kwenye kikundi alichokuwa amejiunga nacho, cha Benny, mwimbaji kijana asiyemwogopa Donat kwa sababu hakuwahi kula chumvi yake, walikuwa wakimuuliza kipande hiki ni cha wimbo gani. "Cha harusi," aliwajibu. Hakusema ya nani, maana hakujua bado. Alijua tu kwamba katika mji huu, ukisubiri, kila mtu ataketi siku moja kwenye kiti cha harusi.

Harusi ikaja. Laurence, binti wa mama Dancille, aliolewa. Donat, kwa kuwa ni mjomba wa bibi harusi, alitakiwa kukaa meza kuu na suti, hawezi kupiga. Bwana harusi akamwita Benny na kikundi chake. Kahindo aliposikia, aliacha unga mkavu kwenye beseni, akaketi chini, akacheka peke yake hadi mbavu zikauma.

Hapa lazima nieleze libanga, kwa wasiopata bahati ya kucheza harusi za kwetu. Libanga ni jiwe, na Goma ina mawe ya kutosha. Lakini mwimbaji akikutupia libanga, hakurushii jiwe. Anakutaja jina ndani ya wimbo, mbele ya watu. Ni heshima. Ukitajwa, unanyanyuka, unacheza hadi mbele, unambandika mpigaji noti kwenye paji la uso. Ukibaki umekaa, basi wewe ni bahili, au una ugomvi na wenye harusi. Hakuna anayebaki amekaa. Mtego wa Kahindo ulikuwa huo tu: Donat aletwe kwa miguu yake mwenyewe, asimame karibu, na asipate njia ya kuondoka.

Jioni ya harusi alimfuata mlangoni, akampa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, akainama.

"Jambo, Papa Donat. Leo tutakutupia libanga."

Donat alimwangalia kutoka juu hadi chini, akatabasamu polepole. Alidhani amekuja kuomba kurudi. Kichwa kilimvimba mpaka kofia ikambana.

"Mutoto amekomaa," alimwambia dada yake Dancille. "Unaona? Mutu ukimukaripia, anakomaa."

Ukumbi ulijaa. Kasereka, aliyeleta viazi vya karamu, alikuwa meza ya nyuma karibu na mlango wa jiko. Wapishi walikuwa wamesimama hapo mlangoni na sahani, walewale wa moshi. Sebene ikaanza. Benny akatupa mabanga: baba wa bwana harusi, mama Dancille, mwenye ukumbi. Kila mmoja akaja, akacheza, akabandika. Kisha Benny akavuta pumzi.

"Donaaat! Papa Donat! Mujomba wa Laurence! Kuja, kuja uone!"

Donat akanyanyuka. Alicheza vizuri, lazima nikubali. Mwili mkubwa lakini mwepesi, kofia mkononi, noti inapepea katikati ya vidole. Watu wakamshangilia, wakamfuata, wakazunguka nyuma yake. Akafika mbele ya Kahindo, mita moja. Kahindo akampa mpiga ngoma ishara kwa kidevu.

Ngoma zikanyamaza. Magitaa yakanyamaza.

TA!

Gumba lilishuka kwenye uzi mnene, na sauti ikapita ukumbini kama kiganja kwenye nyama. Watu wakapiga vigelegele. TA! Kahindo alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa. TA! Kule mlangoni, mpishi mmoja akashika mdomo. TA! Hapo Donat akaelewa. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yaliondoka. Akarudi nyuma, akagonga wachezaji; walikuwa wamefunga njia wakicheka, wakidhani ni mchezo. TA! Jasho likamtoka. Kahindo alisikia utamu umepanda hadi kooni, utamu ambao hakuwahi kuujua kwenye chakula wala kwenye sala. Zilibaki mbata tatu.

Donat akafanya kitu pekee kilichobaki kufanywa: amalize desturi, abandike noti, aondoke. Akanyanyua mkono kuelekea uso wa Kahindo.

Shingo ya Kahindo ikaruka nyuma.

Hakuituma. Kichwa kilikwepa chenyewe, bega likapanda kuficha shavu, macho yakafumba. Mkono wa kushoto ukaachia shingo ya besi na nyuzi zote nne zikalia ovyo, wazi, mbaya. Besi nyingine ingelimeza kosa hilo. Hii ililitangaza ukumbi mzima.

Mwanamke mzima, mwenye besi begani, alikuwa amejikunja mbele ya mkono usiobeba kitu zaidi ya noti. Na yule mwenye mkono alikuwa amesimama hivyohivyo, mkono hewani, hajui aushushe au aumalizie.

Mama Dancille alikuwa amenyanyuka kwenye kiti chake. Alilea watoto saba na wajukuu wengi. Alijua shingo ya mtu ambaye hajawahi kupigwa, na alijua ile nyingine.

"Donat," alisema. "Huyu mama, ulimufanyaka nini?"

"Nilikuwa napana feza tu, Yaya," alijibu, maana hivyo ndivyo mdogo humwita mkubwa wake.

"Nimeona shingo yake."

Ndipo kule mlangoni mpishi akaweka sahani chini. "Alimupiga," alisema. "Akaanguka kwa makala. Nilikuwa pale." Na mwenzake, kwa sauti ya chini, "Hata miye." Minong'ono ikaanza meza ya mwisho ikaja hadi meza kuu, na neno lililokuwa likirudi ndani yake lilikuwa jina la Donat.

Kahindo alifumbua macho. Ungemwambia ameshinda, angekurushia besi. Hasira ilimpanda kuliko siku ile ya makaa. Alikuwa amejifua hadi gumba likageuka kwato, ampige mtu huyu kwa nguvu zake, watu waone nguvu zake. Na kilichompiga Donat kilikuwa woga. Woga wake yeye, uliolala shingoni muda wote huo bila kumwambia.

Kasereka alikuwa anakuja mbele, anasukuma watu, uso umelowa.

"Mudogo wangu," alisema. "Mudogo wangu, unisa—"

"Rudi ukae, Yaya," Kahindo alimwambia. "Bado sijamaliza."

Donat akageuka kutafuta mlango. Mama Dancille alikuwa amesimama kwenye njia yake, rozari imezungushwa kwenye ngumi.

"Batu bamekuita libanga," alisema. "Simama."

Akasimama. Kahindo akavuta mkanda wa besi begani, akazifuta nyuzi kwa kiganja zinyamaze, akarudisha gumba mahali pake, mwisho wa shingo. Hakuendelea alipokuwa ameishia. Alianza upya, kutoka mbata ya kwanza, na safari hii hakuangalia mkono wa mtu. Aliangalia shavu.